Mraba wa herufi na swali la neno la Kiswahili

Wapenzi wa mchezo wa Boggle wanaujua mraba wenye vyumba 16, kila chumba na herufi yake. Mchezaji huunda neno kwa kutoka herufi moja hadi jirani yake, wima, mlalo au mshazari, bila kurudia chumba. Je, kompyuta huuchezaje?

Njia zinazoweza kufuatwa katika mraba huo ni zaidi ya milioni 12. Algorithimu nzuri haizipitii zote. Huanza na herufi moja, huongeza jirani, na katika kila hatua huuliza: lipo neno linaloanza hivi? P ikifuatwa na G, hakuna. Basi hurudi nyuma na kujaribu jirani mwingine. P ikifuatwa na I, husonga mbele hadi PIKA. Ili jibu lipatikane haraka, orodha ya maneno hupangwa kama mti: pika, pima na pinda hushiriki shina PI, kisha kila moja hushika tawi lake.

Katika Kiingereza, kitenzi hubadilika umbo kidogo tu, hivyo orodha ndefu hutosha. Kwa Kiswahili, hapo ndipo pana kazi. Kamusi hutupa 'pika', haitupi 'anapika' wala 'tulipika'. Chukua viambishi sita vya nafsi (ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-) na vinne vya wakati na hali (-na-, -li-, -ta-, -me-). Tayari kitenzi kimoja kina maumbo 24, kabla hatujagusa yambwa, ukanushi na mnyambuliko. Algorithimu inayotegemea kamusi itakutana na 'anapika' na kusema si neno!

Nionavyo, dawa ni kuupa mti huo sarufi: tawi la nafsi, la wakati, mzizi, kisha kiishio. Kwamba hilo linawezekana, alishaonyesha Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alipounda kichanganuzi cha mofolojia ya Kiswahili.

Programu ya kuandikia inayopigia mstari mwekundu neno sahihi la Kiswahili mara nyingi ina upungufu uo huo. Mwanafunzi akiuona mstari, hudhani yeye ndiye aliyekosea. Hebu wanaisimu na wanaprogramu wetu waketi meza moja, mashine ifunzwe jinsi neno letu linavyoundwa.