Macho ya Manyatta nzima ni shilingi ngapi?

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 127,100 katika Embu Magharibi na 79,556 katika Embu Kaskazini. Ukizijumlisha kaunti ndogo hizo mbili, unapata takriban eneo bunge zima la Manyatta: watu 206,656, kuanzia wapangaji wa mjini Embu hadi wakulima wa chai na kahawa waliopakana na msitu wa Mlima Kenya.

Sasa chukua tovuti moja ya habari za Manyatta. Tuseme kila mtu, hata mtoto aliyezaliwa jana, anafungua ukurasa mmoja wa tovuti hiyo kwa mwezi, na matangazo yanayowekwa na Google yanaleta nusu dola kwa kila kurasa elfu moja zilizofunguliwa. Mapato ya mwezi ni dola 103. Kwa dola moja ya shilingi 129, hizo ni shilingi 13,300. Eneo bunge zima limesoma, na fedha zilizopatikana hazifiki mshahara wa mwandishi mmoja.

Nusu dola ni kiwango nilichokiweka mimi ili hesabu iende. Wapo wanaopata zaidi, hasa wanaoandika kuhusu benki, bima na mikopo, na wapo wanaopata pungufu. Ukurasa uleule ukisomwa na mtu aliyeko Marekani unaweza kuleta dola kadhaa kwa kila elfu, kwa sababu kampuni zinazomtafuta msomaji huyo zinatarajia kumuuzia bima ya gari au kadi ya mkopo. Bei huufuata mfuko wa msomaji. Jasho la mwandishi halimo kwenye hesabu hiyo.

Mkulima wa chai wa Kairuri au Kibugu anaujua mfumo huu hata kama hajawahi kumiliki tovuti. Chai yake inauzwa kwa dola kwenye mnada wa Mombasa, mbali na shamba, kisha fedha zinarudi kwa shilingi baada ya makato. Nafasi ya tangazo nayo hupigwa mnada, ila huu unakwisha kabla ukurasa haujamaliza kufunguka kwenye simu. Mkulima angalau huwapigia kura wakurugenzi wa kiwanda chake. Mwenye tovuti hana wa kumpigia kura.

Makato yenyewe yanajulikana. Novemba 2023 Google ilitangaza kwamba mwenye tovuti anayetumia AdSense, huduma yake ya matangazo, atapata asilimia 80 ya kinachobaki baada ya mfumo wa mnunuzi kuchukua ada yake. Mfumo huo ukiwa ni wa Google wenyewe, ada ni wastani wa asilimia 15. Basi katika kila shilingi 100 za mtangazaji, 15 zinakatwa kwanza, kisha 17, na zinazobaki ni 68. Mnyororo ukiwa na madalali wengi, hali huwa mbaya zaidi. Uchunguzi uliofanywa Uingereza mwaka 2020 na chama cha watangazaji ISBA pamoja na kampuni ya ukaguzi wa hesabu PwC uligundua kwamba nusu tu ya fedha, asilimia 51, iliwafikia wachapishaji, na asilimia 15 haikujulikana ilikopotelea. Aprili 2025 mahakama ya shirikisho huko Virginia iliamua kwamba Google ilihodhi kinyume cha sheria soko la mnada wa matangazo na la mitambo ya wachapishaji. Septemba mwaka huohuo Umoja wa Ulaya ukaitoza faini ya euro bilioni 2.95. Nazifurahia hatua hizo kwa dhati. Lakini faini huingia kwenye bajeti ya Umoja wa Ulaya, haiwarudii wenye tovuti.

Kuna kato jingine ambalo halionekani kwenye taarifa yoyote. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160, na kabla ya mwaka huo kuisha ilikuwa imeshuka hadi karibu 129. Dola 103 zilezile zilitoka shilingi 16,500 hadi 13,300. Shilingi 3,200 zimeyeyuka na hakuna msomaji hata mmoja aliyeondoka.

Hata kuzifikia hizo fedha kuna foleni yake. Mapato yakifika dola 10, Google hutuma kwa njia ya posta kikaratasi chenye nambari ya siri ya tarakimu sita, ili kuthibitisha anwani. Kwa kiwango chetu cha nusu dola, hizo ni kurasa 20,000. Kijana wa Manyatta asiye na sanduku la posta huazima la shule, la kanisa au la mjomba wake, kisha anasubiri wiki kadhaa. Miezi minne ikipita bila kuiingiza nambari hiyo, matangazo yanaondolewa kwenye tovuti. Akishathibitishwa, bado halipwi mpaka afikishe dola 100.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba soko lenyewe linahama. Mwaka 2021 matangazo yote ya Google yaliingiza dola bilioni 209, na kati ya hizo bilioni 31.7 zilitoka kwenye tovuti na programu za watu wengine. Mwaka 2024 jumla ilifika bilioni 264.6, huku sehemu ya tovuti za wengine ikishuka hadi bilioni 30.4. Yaani kutoka asilimia 15 hadi chini ya 12. Fedha zinakua, ila zinakua ndani ya kurasa za Google yenyewe na YouTube.

Tena msomaji naye anazuiwa mlangoni. Majibu yanayoandikwa na akili unde juu ya matokeo ya utafutaji wa Google yalianza Marekani Mei 2024, na kufikia Oktoba mwaka huo yalikuwa yameenea katika nchi zaidi ya 100. Kituo cha utafiti cha Pew kilichunguza utafutaji wa Wamarekani mwezi Machi 2025: palipokuwa na jibu la akili unde, watu walibofya kiungo cha matokeo mara 8 kwa kila 100, na pasipokuwapo, mara 15. Makala ya "jinsi ya kupanda makadamia" ndiyo inayoumia kwanza, kwa sababu jibu lake halibadiliki na mashine inaweza kulifupisha. Bei ambayo mnunuzi wa makadamia ametoa leo asubuhi haimo kwenye muhtasari wowote mpaka mtu aende akaulize.

Kabla ya kufika kwenye habari za aina hiyo, nimtetee msomaji kidogo. Akinunua MB 250 kwa shilingi 20, na matangazo ya ukurasa mmoja yakila MB 2, ametumia senti 16 kuyapakua. Mwenye tovuti, kwa nusu dola kwa elfu, anapata chini ya senti 7 kwa ukurasa huo. Msomaji wa Manyatta anatoa zaidi ya mara mbili ya kile anachopata mwandishi wake, na fedha hizo zinakwenda kwa kampuni ya simu. Huo ni upotevu, na mwenye tovuti anaweza kuupunguza leo hii kwa kuweka picha moja nyepesi ya tangazo badala ya mitambo mitano ya kufuatilia watu.

Picha hiyo inaweza kuwa ya agroveti. Duka linalolipa shilingi 3,000 kwa mwezi lina thamani ya dola 23, sawa na kurasa 46,500 za matangazo ya mnada. Maduka matano ni shilingi 15,000, nayo yanaipita Manyatta nzima ya hesabu ya mwanzo. Haya hayahitaji wasomaji laki mbili. Yanahitaji labda wasomaji elfu tatu walewale wanaorudi kila juma kuangalia bei za parachichi na makadamia, nauli, siku za soko na matangazo ya vifo, biashara ambayo redio za lugha za mama zimeiendesha kwa miaka mingi.

Sisemi ni rahisi. Mwenye agroveti anaweza kuweka tangazo lake mwenyewe kwenye Facebook kwa shilingi mia chache, kwa hiyo ataomba kuona ni wateja wangapi waliopiga simu. Nambari ya simu inayotumika kwenye tangazo la tovuti pekee humaliza ubishi huo. Kisha kuna kudai malipo kila mwisho wa mwezi, na kodi: Sheria ya Fedha ya 2023 inayataja matangazo ya tovuti kwa jina, na inamtaka mlipaji azuie asilimia 5 kwa mkazi, baada ya pendekezo la awali la asilimia 15 kupingwa. Katika shilingi 15,000 hizo ni 750. Zinabaki 14,250, na mwenye tovuti anamjua kila mtu aliyezitoa.