Mng'ao Usio na Mtazamaji

Mmulike kamendegere gizani kwa tochi ya mwanga wa urujuanimno, na yale manyoya yake ya rangi ya mchanga yatajaa mabaka mekundu na ya chungwa, hapa yamekolea, pale yamefifia, kama rangi iliyomwagwa ovyo. Mng'ao wa mrukaji huyu wa usiku, ambaye jamaa zake wanaishi hata Serengeti, ulitangazwa mwaka 2021, baada ya ule wa kindi warukao wa Amerika Kaskazini (2019) na platipasi wa Australia (2020). Mara watu wakauliza kazi yake: kuitana? kumkwepa adui? Naona wameharakisha, maana kwanza ilitakiwa kuthibitishwa kwamba mng'ao huo una kazi yoyote.

Katika manyoya ya kamendegere watafiti walikuta pofirini, kemikali zinazopatikana njiani mwili unapotengeneza hemu, kiungo cha damu kinachoshika oksijeni. Hizi hufyonza urujuanimno na kuurudisha ukiwa mwanga mwekundu. Kindi mmoja wa Marekani, Sciurus niger, hung'aa vivyo hivyo kwenye mifupa, na sidhani kama kuna atakayedai kwamba mifupa iliyofunikwa na nyama inamtongoza mtu. Kisha mwaka 2023 watafiti wa Australia walipima spishi 125 za mamalia kwenye makumbusho: zote zilitoa mng'ao kwa kiasi fulani, hata mistari myeupe ya pundamilia, na pomboo mmoja ambaye meno yake tu ndiyo yaliyong'aa.

Atakayepinga atasema kwamba wanyama wa usiku ndio wanaong'aa zaidi. Kweli, lakini pofirini huharibiwa na jua, na anayeshinda shimoni mchana hubaki nazo. Au atasema ni dawa za kuhifadhia ngozi. Hizo hubadilisha mng'ao, ila kamendegere walio hai nao waling'aa. Hoja nzito zaidi ni kwamba baadhi ya mamalia huona urujuanimno. Lakini kinachotoka kwenye manyoya haya ni wekundu, rangi ambayo macho ya mamalia wengi hayaitofautishi vizuri, tena usiku, wakati mbalamwezi ina urujuanimno kidogo mno wa kuuwasha. Anayetaka kunigeuza mawazo anionyeshe kamendegere wanaobadili tabia mng'ao wa wenzao unapozimwa, na jaribio hilo lifanywe chini ya mwezi, tochi zikiwa zimewekwa kando.