Kabla Hujakodi Shamba Jirani na Hifadhi, Jua Kwanza Nani Anapita Hapo Usiku

Msimu wa kukodi mashamba umefika na simu zinazoingia kwangu sasa hivi karibu zote ni za aina moja: "Afisa, nimepata eneo zuri, udongo mweusi, mto uko karibu, na bei ni nusu ya kule tulikozoea." Nikiuliza liko wapi, naambiwa linapakana na hifadhi. Nikiuliza kwa nini ni rahisi hivyo, jibu linakuwa kwamba mwenyewe ana shida ya hela.

Inawezekana kweli ana shida ya hela. Lakini pia inawezekana miaka mitatu mfululizo hajavuna. Tikitimaji linaiva kati ya siku 75 na 90, na mpaka siku ya 70 mkulima ameshamaliza mtaji wote: mbegu, mbolea, mafuta ya pampu, dawa, vibarua. Tembo hawaji siku ya 20 wakati hasara ni ndogo. Wanakuja mali ikishakaribia sokoni, na kundi dogo tu linaweza kulala na ekari kadhaa usiku mmoja.

Kwa hiyo leo sizungumzii mbolea, nazungumzia utafiti wa wanyamapori. Usiondoke. Najua wengi mnaona hiyo ni kazi ya watu wenye magari ya kijani na darubini shingoni, haimhusu mtu wa nyanya na vitunguu. Mimi naona inamhusu mno mkulima wa biashara, kuliko hata mtalii, kwa sababu mtalii akikosa kuona tembo anarudi kesho.

Wanajuaje yule tembo ni yule yule?

Mwaka 1965 kijana mmoja kutoka Uingereza, Iain Douglas-Hamilton, alianza kuwafuatilia tembo wa Hifadhi ya Ziwa Manyara, hapa hapa kwetu. Hakuwa na satelaiti wala simu janja. Alichokuwa nacho ni daftari, kamera na subira. Aligundua kwamba masikio ya tembo hayafanani: moja limechanika hapa, lingine lina tundu pale, mishipa nayo ina mchoro wake. Akaanza kuwatambua mmoja mmoja, nani mama wa nani, nani anatembea na nani. Kazi ile ya miaka mitano ndiyo iliyofungua njia ya kumsoma tembo wa porini kama mtu na ukoo wake, badala ya kuhesabu vichwa tu.

Njia zimeongezeka tangu hapo. Ziko sensa za ndege, ambapo ndege ndogo inapita kwenye mistari iliyopangwa na watu wanahesabu wanachokiona kila upande. Sensa hizo ndizo zilizoonyesha kwamba tembo wa Tanzania walishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014, kwa sababu ya ujangili. Kwenye misitu minene kama Udzungwa ndege haioni kitu, basi watafiti wanatembea kwa miguu wakihesabu mavi ya tembo. Ndiyo, mavi. Zipo pia kamera zinazofungwa kwenye mti na kujipiga zenyewe mnyama akipita.

Ila kwa mkulima, chombo chenye maana kubwa ni kile kinachoitwa kisukuma mawimbi. Ni mkanda wa shingoni unaotuma mahali alipo mnyama kwa satelaiti, saa baada ya saa, mchana na usiku. Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI, imewafunga tembo mikanda hii kwenye maeneo kadhaa. Ukiichora ile mistari kwenye ramani unaona kitu ambacho jicho la mtu haliwezi kuona: ndani ya hifadhi tembo anazurura polepole, anakula, anapumzika. Akifika eneo la watu anabadilika. Anasubiri giza, kisha anakata moja kwa moja kwa haraka mpaka afike upande wa pili penye usalama. Yaani anajua kabisa kwamba pale si kwake.

Na hapo katikati anapokatiza, ndipo kuna lile shamba la bei nusu.

Njia hizo tunaziita shoroba. Tathmini ya shoroba za Tanzania iliyotolewa mwaka 2022 ilizipitia shoroba 61 na kuchagua 20 za kupewa kipaumbele. Kwakuchinja, kati ya Tarangire na Manyara, ni mojawapo ya zile zinazojulikana zaidi. Tangu 2018 tuna pia kanuni za shoroba chini ya sheria ya wanyamapori, kwa hiyo suala si tembo peke yake; eneo likitangazwa rasmi, matumizi yako ya ardhi yanaweza kuwekewa masharti. Dalali hatakuambia hayo. Nenda ofisi ya wanyamapori ya wilaya, ukiwa na eneo lako limewekwa alama kwenye ramani ya simu, uwaulize kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba.

Habari ya nyuki

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo utafiti ulipogeuka kuwa kitu cha kufungia shamba.

Wazee wa sehemu nyingi walikuwa wakisema tembo anaogopa nyuki. Mtafiti Lucy King na wenzake, Douglas-Hamilton akiwa mmoja wao, wakaamua kulipima hilo. Waliwapigia tembo wa kaskazini mwa Kenya sauti ya nyuki waliokasirika kwenye spika iliyofichwa. Matokeo yalichapishwa 2007: kati ya familia 17 zilizosikia sauti ile, 16 ziliondoka chini ya kivuli chao ndani ya sekunde 80, na karibu nusu ndani ya sekunde 10 tu. Familia zilizopigiwa sauti nyingine ya kawaida wengi wao hawakusogea.

Ikafuata kazi ya shambani. Mizinga ilitundikwa kuzunguka mashamba na kuunganishwa kwa waya, ili tembo akisukuma waya mizinga iyumbe na nyuki watoke. Jaribio la miaka miwili kwenye jamii mbili za wakulima lililinganisha mashamba 17 yenye mizinga na 17 ya majirani yenye uzio wa miiba. Tembo walivamia au kujaribu kuvamia mara 45, wakafanikiwa mara 32. Katika hizo 32, ni dume mmoja tu aliyepenya uzio wa mizinga. Wengine wote walipita kwenye miiba.

Wengi wakisikia hapo wanafunga safari kwenda kununua mizinga. Subirini, kwa sababu sehemu ya muhimu inakuja sasa. Kule Sagalla, karibu na Voi, mpakani mwa Tsavo Mashariki, waliendelea kurekodi kwa miaka tisa kwenye mashamba 26. Katika misimu ya mazao uzio ulizuia hadi asilimia 86 ya tembo waliosogelea. Safi kabisa. Lakini ukame wa 2017 ulipunguza mizinga yenye nyuki pamoja na asali kwa asilimia 75, na athari yake iliendelea kwa miaka mitatu. Mtu angepima mwaka mmoja mzuri tu angekuja kukuambia mizinga ni dawa ya tembo. Aliyepima miaka tisa anakuambia mizinga ni dawa ya tembo mvua ikinyesha. Hiyo ndiyo faida ya ufuatiliaji wa muda mrefu, na ndiyo maana mimi sishabikii teknolojia yoyote niliyoonyeshwa kwa msimu mmoja, iwe ya tembo au ya mbegu.

Tupige hesabu, maana nyie ni wafanyabiashara. Uzio huu huwekwa mzinga kila mita 10, mmoja wa kweli na unaofuata kibao tu cha kudanganyia, wakipishana. Ekari moja ya mraba ina mzunguko wa mita kama 254, kwa hiyo unahitaji mizinga 12 na vibao 12 hivi. Ekari 10 zikiwa pamoja zina mzunguko wa mita kama 805, yaani mizinga 40 na vibao 40. Umeona? Eneo limeongezeka mara 10, uzio umeongezeka mara tatu na kidogo. Vijana watano wenye ekari mbili mbili zilizotawanyika wataumia. Wakikaa bega kwa bega na kuzungushia uzio mmoja, wanapumua. Asali nayo ni mauzo.

Tahadhari mbili. Ukinyunyizia viuatilifu mchana maua yakiwa wazi utaua walinzi wako mwenyewe, kwa hiyo nyunyizia jioni nyuki wakisharudi. Na nyuki wanataka maji na maua mwaka mzima, si tikiti lako la miezi mitatu tu. Kwenye mashamba yanayopakana na Udzungwa uzio kama huu umejaribiwa pia, nendeni mkajifunze huko kwa wakulima wenyewe.

Kuna pia upande wa zao lenyewe. Huko South Luangwa nchini Zambia watafiti walipanda tangawizi, vitunguu, vitunguu saumu na mchaichai na kulinganisha na mahindi. Tembo walishambulia mahindi zaidi. Sasa vitunguu na tangawizi ni mazao ya pesa, soko mnalijua. Kama umeshaingia kwenye mkataba wa shamba la mpakani na huwezi kutoka, mimi ningeanza kufikiria hapo kabla ya kufikiria tikiti. Watakanyaga, ndiyo, lakini kukanyaga siyo kula.

Daftari lako mwenyewe

Mtafiti hawezi kukaa kwenye kila shamba. Wewe upo. Kinachotakiwa ni kuandika, na kuandika kila mara, hata usiku ambao hakuna kilichotokea. Usiku mtupu nao ni taarifa. Bila huo hutajua kama pilipili uliyopaka kwenye kamba ndiyo iliyozuia au tembo walikuwa mbali tu. Andika tarehe, saa, walikuwa wangapi, walitokea upande gani na kutokea wapi, zao lilikuwa na umri gani, hatua ngapi kwa ngapi zimeharibiwa, na ulifanya nini. Kwenye maeneo mengi utafiti umeonyesha kwamba wavamizi wakubwa ni madume, na kwamba kuna wachache wanaozoea na kurudi rudi. Ukiona sikio lenye alama ile ile mara tatu, liandike.

Na hakikisha kwanza ni tembo kweli. Nimeitwa mara kadhaa kwenye "shamba la tembo" nikakuta kazi ya nungunungu. Unyayo wa mbele wa tembo ni wa duara, wa nyuma umerefuka kama yai, na ardhini unaacha mistari kama tope lililokauka. Kiboko anaacha vidole vinne, njia yake inatoka mtoni na ina mifereji miwili yenye tuta katikati. Nguruwe pori anafukua udongo. Nyani anakuja mchana, anamega hindi kidogo na kutupa, anachukua lingine. Nungunungu anaguguna shina karibu na ardhi, au mihogo, na ukitafuta utaokota mwiba wake. Dawa ya mmoja haifanyi kazi kwa mwingine: mizinga ya nyuki haimsumbui nungunungu hata kidogo.

Daftari hilo linakusaidia pia kwenye kifuta jasho. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka malipo ya kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, kutegemea umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na yasizidi ekari 5. Kwa kanuni hizo, shamba lililokuwa ndani ya mita 500 kutoka mpaka halikulipwa. Uliza wilayani viwango vya sasa, lakini pigeni hesabu wenyewe: kwa kanuni hizo za 2011, hata kiwango cha juu kwa ekari zote 5 kilikuwa 500,000. Linganisha na ulichozika kwenye ekari 5 za tikiti. Ndiyo maana kinaitwa kifuta jasho, hakiitwi fidia. Hata hivyo usikiache. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori asubuhi ile ile, kabla mvua haijafuta nyayo na kabla hujaanza kupanda upya. Na tafadhali, sumu na mitego ya waya msiguse. Hiyo ni jinai, na jela hakuna msimu wa pili.

Kwa wanaotaka kukodi mwaka huu: nenda kwenye shamba kiangazi, siyo wakati wa mvua nyasi zikiwa zimefunika kila kitu. Zunguka mpaka wote kwa miguu alfajiri, tazama miti iliyobanduliwa magome na matope yaliyopakwa kwenye vigogo. Kisha lala kijijini usiku mmoja. Sikiliza kama majirani wanapiga madebe.

Ukikuta unyayo usioufahamu, upige picha kutoka juu, uweke kiberiti au kalamu pembeni yake ili nione ukubwa, unitumie kwa WhatsApp. Andika na jina la kijiji.