Upepo wa Singida unaweza kukuongezea mita za kisahani

Aprili 2025, Mykolas Alekna wa Lithuania alirusha kisahani mita 75.56 na kuweka rekodi ya dunia. Hakuwa kwenye uwanja wa Olimpiki. Alikuwa Ramona, kamji kadogo jimbo la Oklahoma, Marekani, ambako warushaji wanafuata kitu kimoja: upepo.

Sasa kama uko Mtinko na unajiandaa na UMISSETA, upepo unao tena wa bure. Singida inatajwa miaka yote kwenye mipango ya umeme wa upepo, na kiangazi unavuma sana kutoka kusini-mashariki. Wengi wanaona ni kero ya vumbi tu.

Kisahani kinaruka kama bawa. Upepo ukitoka mbele unakibeba, kinakaa hewani muda mrefu. Ukitoka nyuma, kinakosa wa kukibeba na kudondoka mapema. Na hiyo sio kudanganya: mbio za mita 100 na kuruka chini zina kikomo cha upepo kwa ajili ya rekodi, mita 2 kwa sekunde, lakini kisahani hakina.

Ila upepo huohuo unamwadhibu anayerusha vibaya. Kisahani kinachoyumba kinapinduka na kuanguka hapo hapo, kwa hiyo chagua chako vizuri. Wasichana na wanawake wanatumia kilo 1, wavulana chini ya miaka 18 kilo 1.5, wanaume 2. Muulize mwalimu wa michezo uzito wa mashindano yenu, halafu kipime kwenye mzani wa duka.

Kinachosahaulika ni uzito umekaa wapi. Visahani vya mabingwa vimejaza uzito kwenye ukingo. Vikishazunguka havitikisiki kirahisi hata upepo ukiwa mkali, lakini kuvizungusha kunataka mkono wenye kasi. Anayeanza akikishika hicho, kinatoka kinayumba kama sufuria. Anza na ambacho uzito wake umesambaa hadi katikati. Cha mpira kinafaa sana, na kwa mawe ya Singida kitadumu kuliko cha mbao. Kikague ukingo: ukiwa na ncha kali, utakukata vidole.

Kurusha sasa. Pingili za mwisho za vidole ndizo zinashika ukingo, kiganja kinatazama chini, mkono umenyooka. Kinatoka kwa kidole cha shahada mwisho, na kwa mtumia mkono wa kulia kinazunguka kama mshale wa saa. Upepo wa mbele ukiwa mkali, usikiinue mdomo. Kitoe kikiwa kimelala zaidi. Ukikiinua, upepo unakigonga tumboni na kukisimamisha hewani. Ukiwa wa nyuma, kirushe juu kidogo.

Upepo mzuri kuliko wote kwa mtu wa mkono wa kulia ni unaotoka mbele kulia, maana kisahani chake kinapoelekea kutua hulalia kushoto, na upepo unakiingia chini. Kwa mashoto ni kinyume. Kwa hiyo kama upepo wa Mtinko unatoka kusini-mashariki, chora duara lenu la mazoezi ili mrushe kuelekea mashariki. Chota vumbi ulimwage kwanza uhakikishe. Jua la asubuhi litawapiga machoni, afadhali mfanye jioni.

Jambo la mwisho ni la usalama, na hapa hakuna utani. Shule nyingi hazina wavu wa kuzunguka duara. Wa mkono wa kulia akikiachia mapema kinakwenda kulia, akichelewa kinakwenda kushoto, hivyo pembeni hasimami mtu. Wote wakae nyuma, mbali, na asiingie mtu kuokota mpaka aliyepewa zamu ya kusimamia aseme.