Mtoto ataka kujifunza AutoCAD na pesa hakuna: aanzie wapi?

Siku hizi si ajabu kumkuta kijana wa Likoni au Malindi akisoma Chuo Kikuu cha Rongo kule Migori, au Chuo Kikuu cha Tom Mboya mjini Homa Bay. Wengine wamepangiwa na KUCCPS vyuo vya ufundi vya upande huo huo, kama Siala na Mawego. Kutoka Mombasa ni safari ya usiku kucha na mchana wake kwa basi, kwa hivyo mzazi hawezi kwenda kuchungulia mtoto anafundishwa nini. Anachokiona ni ujumbe kwenye simu: "Baba, naomba pesa za AutoCAD."

Wazazi watatu wamenionyesha ujumbe wa namna hii mwaka huu, kwa kuwa wanajua nina diploma ya ujenzi na nimewahi kufanya kazi Migori na Homa Bay. Mmoja alikuwa ashauza mbuzi wawili ili mwanawe alipie kozi ya wiki sita katika chuo kimoja cha uchochoroni. Cheti alipewa, lakini kuchora mlango kwenye ukuta hajui. Makala haya ni ya mzazi huyo na wenziwe, na ya vijana wenyewe.

Kwanza, ni kitu gani?

AutoCAD ni programu ya kompyuta ya kuchorea ramani za nyumba, vipuri vya mashine, mitaro na barabara. Ilitolewa na kampuni ya Autodesk ya Marekani mwaka 1982. Kabla yake, mchoraji aliinamia meza na rula ya T, na akikosea alikwangua wino kwa wembe. Kompyuta imeondoa kazi ya kukwangua, lakini haikuondoa haja ya kujua unachokichora. Asiyejua kwa nini mlango unafungukia ndani hatafundishwa hilo na programu.

Kazi yenyewe iko. Migori na Homa Bay watu wanajenga, na Awendo kuna kiwanda cha sukari cha SONY ambacho mitambo yake yataka vipuri. Fundi anayeweza kusoma na kuchora ramani hawi sawa na yule anayesubiri kuonyeshwa kwa kidole.

Programu yenyewe: njia halali za bure

Bei ndiyo inayotisha. Leseni kamili ya AutoCAD ni karibu dola 2,000 za Marekani kwa mwaka. Hakuna mwanafunzi wa kuilipa hiyo, na hapana haja ailipe.

Njia ya kwanza ni leseni ya wanafunzi. Autodesk huwapa bure wanafunzi na walimu wa vyuo vinavyotambulika, kwa mwaka mmoja mmoja, na huombwa upya mwaka ukiisha. Kijana hufungua akaunti kwenye tovuti ya Autodesk, kisha huthibitisha kwamba ni mwanafunzi. Akiombwa hati, atume barua ya chuo au risiti ya karo yenye jina lake kamili, jina la chuo na tarehe ya karibuni. Wengi hukataliwa kwa sababu jina la kwenye akaunti halifanani na la kwenye hati. Akijiandikisha "Moha" na barua yasema "Mohamed", atarudishwa. Na leseni hii ni ya masomo tu. Hairuhusiwi kumchorea mteja na kumtoza pesa.

Njia ya pili ni LibreCAD. Hii ni ya bure kwa kila mtu, mwanafunzi na asiye mwanafunzi, na hata kazi ya malipo yaruhusiwa. Huchora michoro bapa, yaani ramani kama inavyoonekana kwenye karatasi. Uzuri wake ni wepesi: kuipakua hakufiki megabaiti mia moja, ilhali AutoCAD ni gigabaiti kadhaa, na kompyuta kuukuu yaibeba. Mchoro ukihifadhiwa kwa mtindo wa DXF hufunguka pia kwenye AutoCAD, kwa hivyo kazi haipotei siku akihamia huko.

Njia ya tatu ni FreeCAD, nayo ya bure kabisa. Toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024. Hii huumba vitu vyenye urefu, upana na kina, na yawafaa zaidi wanaosomea mitambo.

Masomo yenyewe

Maelezo rasmi ya programu zote tatu yako wazi mtandaoni. FreeCAD ina mafunzo yaliyoandikwa hatua kwa hatua, na kwenye YouTube kuna Mango Jelly Solutions anayeifundisha polepole kuanzia sifuri. Autodesk nayo ina masomo ya bure ya anayeanza. Mengi ni ya Kiingereza, lakini amri zenyewe ni za Kiingereza pia, kwa hivyo ayazoee.

Ushauri wangu ni achague mwalimu mmoja wa video na ammalize. Kijana anayeruka kutoka video hadi video hubaki kuchora mistari minne ile ile mwaka mzima. Avipakue vipindi kwa mtandao wa chuo, kisha avitazame chumbani bila kula bando.

Zoezi la wiki ya kwanza

Achukue ploti tunayoijua sote, ya futi 50 kwa 100. Ramani za ujenzi hapa Kenya huchorwa kwa milimita, kwa hivyo kwanza abadilishe: futi moja ni milimita 304.8. Ploti hiyo basi ni milimita 15,240 kwa 30,480. Aichore kwa kipimo chake halisi, namba hizo hizo. Hapa ndipo wengi hupotea: kwenye kompyuta hupunguzi kitu, unapunguza wakati wa kuchapa tu.

Sasa aichape kwa skeli ya 1 kwa 100. Kwenye karatasi itakuwa milimita 152.4 kwa 304.8. Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297, kwa hivyo haitoshi. A3 ina 420, inatosha. Akilielewa hilo amevuka kizingiti ambacho baadhi ya wenye vyeti hawajakivuka.

Baada ya hapo apime chumba anacholala kwa futi kamba: kuta, mlango, dirisha. Achore kuta kwenye tabaka lake, milango kwenye lake na vipimo kwenye lake. Saa moja kila siku yashinda saa saba za Jumapili. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Mambo matatu ya kujihadhari

La kwanza ni programu zilizovunjwa kufuli, zinazouzwa kwenye flashi kwa bei ya chai. Nyingi huja na virusi vinavyokula kazi ya muhula mzima. Tena Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inazilinda programu za kompyuta. Na sisi Waislamu tusijidanganye kwamba mali ya kampuni ya mbali si mali: Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Kuwait mwaka 1988 lilitamka kwamba haki za watunzi na wavumbuzi zalindwa na sharia. Ikiwa LibreCAD ni bure na halali, haramu ya nini?

La pili ni vyuo vya mifukoni. Kabla ya kutuma shilingi, mzazi aulize kama chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi. Kisha aulize swali la pili: kila mwanafunzi ana kompyuta yake darasani, ama watano wanamtazama mmoja? Jibu la swali hilo lasema zaidi kuliko bango la rangi.

La tatu ni kwa kijana mwenyewe. Kujua AutoCAD hakumfanyi mtu kuwa msanifu majengo. Ramani ya kupelekwa kaunti yataka mtaalamu aliyesajiliwa, na cheo cha msanifu majengo kinalindwa na sheria. Anayechora afanye kazi chini ya mtaalamu huyo. Nyumba ikiporomoka, "nilijifunza YouTube" si utetezi.

Likizoni, akija nyumbani, mzazi amwambie alete mchoro uliochapwa, wala si cheti. Hapa kwetu hapakosi mtu wa kuukagua. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilianza kama MIOME, taasisi ya kuwafundisha Waislamu ufundi, na waliopita pale tangu enzi hizo hadi leo wamo mitaani mwetu. Mpelekee mmoja wao huo mchoro. Kwa dakika kumi atakwambia kama pesa za kozi zataka kutumwa, au mtoto yataka aendelee na ile ya bure.