Utangulizi: Kuisoma Historia ya Usambara na Mwambao wa Tanga

Ikiwa umekifungua kitabu hiki ukiwa na shaka kwamba historia ya Tanga, Bonde na Usambara ni ya maprofesa peke yao, nakuomba uiweke shaka hiyo kando. Mtu aliyetuachia kitabu ambacho kila mwanafunzi wa historia hii hana budi kukipitia hakusoma chuo kikuu. Alikuwa karani.

Jina lake ni Abdallah bin Hemedi bin Ali, na wengi humtaja pia kwa laqabu ya Liajjemi. Alikuwa mtu wa pwani, msomi wa pwani, aliyepanda bara katika miaka ya 1860 akatumika kwa Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara. Alikuwa karani wa Semboja, mtoto wa mfalme Kimweri ye Nyumbai. Semboja alikaa Mazinde, chini ya milima, ambako misafara ya biashara ilipita. Baadaye Abdallah alishika madaraka chini ya Wajerumani. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilichapwa kwa Kiswahili na wamisionari wa Magila, karibu na Muheza, katika sehemu tatu kati ya 1895 na 1907. Mwandishi alifariki 1912.

Tuanze na jambo jepesi. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni mapokeo simulizi, yaani habari za kale ambazo watu hupokezana kwa mdomo, mzee akimwachia kijana. Kisa mashuhuri kuliko vyote ni cha Mbegha, mwindaji kutoka Ngulu. Alizaliwa kigego: meno ya juu yalimwota kwanza, jambo lililohesabiwa kuwa nuksi. Ndugu wakamnyima urithi, akatoka kwao na mbwa wake, akawa anawaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba ya watu. Nyama aliigawa. Mwisho Washambaa wakamtawaza, na Vuga ikawa makao ya ukoo wake, yaani hao Wakilindi.

Najua swali linalokujia hapa, maana humjia kila anayeanza: je, haya yalitokea kweli, au ni ngano? Usilikimbilie jibu. Kwanza uliza ni nani anayesimulia, na wapi. Kisa kimoja huwa na matoleo mengi, yaani namna mbalimbali za kukisimulia, na tofauti kati ya matoleo hayo ndiyo mali yetu. Mtafiti Steven Feierman alikaa na wazee wa Usambara mwishoni mwa miaka ya 1960, akakusanya visa vyao, na mwaka 1974 akatoa kitabu juu ya ufalme wa Washambaa. Alikichukulia kisa cha Mbegha kuwa ni fikra za watu kuhusu utawala: mtu wa porini mwenye nyama anakutana na wakulima wenye mazao, na kwa kupeana wanapata mfalme. Hata kama hatutaweza kuthibitisha jino moja la Mbegha, tunajifunza kwa hakika Washambaa walitaka mtawala awe mtu wa namna gani. Kwangu mimi hiyo ni elimu kubwa kuliko tarehe.

Lakini tarehe nazo tunazihitaji. Mapokeo huhesabu kwa wafalme na vizazi, hayahesabu kwa miaka. Ili kupata kronolojia, yaani mpangilio wa matukio kwa wakati wake, tunatafuta chanzo kingine kisichotokana na cha kwanza. Bahati yetu ni kwamba mmisionari Krapf alifika kwa Kimweri mwaka 1848 na tena 1852, na wasafiri Burton na Speke wakafika Vuga mwaka 1857. Wote waliandika. Kimweri alifariki 1862, na vita vya urithi vikafuata. Ukiwa na miaka hiyo minne mkononi, unaweza kurudi kwa Abdallah ukaanza kupanga ni kipi kilitangulia.

Sasa tufike kwenye sehemu ngumu, ninayoipenda kuliko zote. Mwishoni mwa miaka ya 1860 Wabondei waliwaasi Wakilindi na kuwafukuza, na uasi huo ukaitwa Kiva. Abdallah aliishi miaka hiyo, tena akiwa mtu wa watawala. Je, tumsome kama shahidi au kama wakili wa bwana wake? Msome kama vyote viwili. Kazi hii ya kupima chanzo kwa kuangalia nafasi ya mwenye kusema tunaiita uhakiki wa vyanzo. Kumbuka pia kwamba Magila, ambako kitabu kilichapwa, iko Bonde, nchi ya walioasi. Mwanafunzi makini atakwenda kuuliza upande wa pili nao unasemaje.

Tatizo hili si la kwetu tu. Kule Marekani, Carter G. Woodson, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa, aliyewahi kuchimba makaa ya mawe, alipata udaktari wa historia Harvard mwaka 1912, na mwaka 1915 akaanzisha chama cha kuchunguza maisha na historia ya watu weusi, kwa kuwa aliona wengine wakiwaandikia historia yao. Kati ya 1936 na 1938, mradi wa serikali ya nchi hiyo ulikusanya simulizi zaidi ya 2,300 za wazee waliokuwa watumwa. Hazina kubwa! Lakini wengi wa waliouliza walikuwa Wazungu, na mzee mweusi wa Kusini katika miaka hiyo hakuweza kumwambia Mzungu kila alichokuwa nacho moyoni. Huku kwetu Isaria Kimambo, mwana wa Upare, aliwauliza wazee wa kwao, akachapisha historia ya Wapare mwaka 1969. Kuwa mwenyeji humfungulia mtafiti milango mingi, ingawa wenyeji nao wana koo zao na siri zao.

Usiyasahau mashairi. Vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, ambavyo kiongozi wake Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889, vilitungiwa utenzi na Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa mwambao huu huu. J.W.T. Allen aliuhariri, na huyo huyo ndiye aliyemtafsiri Abdallah kwa Kiingereza na kukusanya hati nyingi za Kiswahili zilizohifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Basi anza na Habari za Wakilindi, uisome polepole. Kisha nenda kwa mzee mmoja wa kwenu, umwamkie, umwombe ruhusa, umsikilize hadi amalize. Andika alichosema, na usiache kuandika jina lake, mahali mlipokaa na siku mliyozungumza, ili atakayekuja baada yako aweze kukuhakiki na wewe.