Kasulo: gesi haipandi, inashuka

Swali la kwanza ninalomuuliza mteja wa Kasulo si jiko litakaa wapi. Namuuliza shimo liko wapi. Wengine hucheka. Wengine hukunja uso, wakidhani nimetumwa kupeleleza mambo ya madini. Mimi ni fundi wa mabomba tu: nafunga masinki, majiko ya gesi na hita za maji hapa Kolwezi.

Asiyeijua Kasulo, mtaa wa Kolwezi, aelezwe kidogo. Mwaka 2014 habari zilienea kwamba chini ya nyumba za mtaa huu kuna kobalti, tena si mbali. Watu wakachimba uani, wengine hata chumbani, wakapasua sakafu na kushuka kwa kamba. Maturubai yakaufunika mtaa. Mwaka 2017 sehemu yake ilitengwa kwa makubaliano kati ya serikali ya jimbo la Lualaba na kampuni ya Congo Dongfang Mining: wakazi wakahamishwa, eneo likazungushiwa ukuta, uchimbaji ukaendelea ndani. Sisi tulio nje ya ukuta tumebaki na ardhi iliyotobolewa. Mashimo mengine yamejazwa takataka, mengine yamefunikwa kwa mbao na bati, na mtoto anaanika nguo juu yake.

Sasa lete gesi mahali kama hapo. Gesi ya mtungi ni propani na butani. Ndani ya mtungi ni kimiminika, na lita moja ya propani ikitoka huwa zaidi ya lita 250 za gesi. Tena haipandi juu ikapotea. Propani ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, butani mara mbili, kwa hiyo inatambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika, inatafuta kizingiti, mtaro, shimo. Ndugu zetu wa Goma wanaijua tabia hiyo kwa msiba mwingine. Kule kuna mazuku, kaboni dioksidi inayotoka katika ardhi ya volkano na kulala mabondeni, ikiua mbuzi na watu. Propani na kaboni dioksidi zina uzito ule ule. Lakini ile ya Goma inazima moto, na hii ya mtungi inaushika: ikifikia takriban asilimia 2 tu ya hewa, cheche moja inatosha.

Mama mmoja aliniambia, "Papa fundi, hili shimo lilikufa zamani. Hakuna anayeshuka tena."

Nikamjibu, "Mama, shimo lisiloshukwa na mtu ndilo ambalo hewa yake haitembei."

Hakupenda, lakini alinielewa. Lake lilijazwa udongo hadi juu na kushindiliwa, ndipo nikaleta spana. Mtungi niliuweka nje, ukutani upande wa pili wa nyumba, wima juu ya matofali, penye upepo na kivuli. Mtungi haulazwi hata siku moja, kwa sababu ukilala kinachotoka ni kimiminika badala ya gesi. Na kwa kuwa mahandaki ya Kasulo hayafuati mipaka ya viwanja, ninapita pia kwa majirani kuuliza walichimba kuelekea upande gani. Hapo ndipo ninapotukanwa zaidi.

Najua mtu atasema: basi tubaki na makaa. Mbabula, jiko letu la makaa, nayo inaua, ila inaua kimya. Juni na Julai, baridi ya Kolwezi ikikaza, watu huiingiza chumbani baada ya kupika bukari, yaani ugali, wakafunga mlango na kulala. Makaa yanayofuka hutoa monoksidi ya kaboni, ambayo haina rangi wala harufu, nayo hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Gesi ya mtungi angalau hutiwa dawa yenye harufu kali ili pua ikuamshe.

Kazi yenyewe ya kufunga si ndefu. Nati ya mitungi mingi inakazwa kwa kuzungusha kushoto, kinyume na nati nyingine, na vijana wengi huiharibu kwa kulazimisha. Ndani yake kuna raba ndogo: ikiwa imepasuka au imekauka, hakuna nguvu ya spana itakayoziba. Mpira wa gesi una tarehe iliyochapwa ubavuni, isome. Penye ukuta napitisha bomba la shaba, na kila ninapolikata nacheka peke yangu: shaba inaondoka Kolwezi ikiwa bamba, halafu tunauziwa bomba lililotengenezwa ng'ambo.

Kisha nachukua brashi na povu la sabuni. Nafungua mtungi, nafunga jiko, napaka kila kiungo taratibu na kuinamisha kichwa. Kiungo kizuri kinabaki na povu lililotulia. Kibaya kinaanza kutoa kipovu kimoja, kinavimba polepole, kinapasuka, kinatoka kingine mahali pale pale. Nikikiona nafungua kiungo chote na kuanza upya. Kukaza tu juu yake ni uvivu.

Majiko na hita zilizotumika Ulaya zina shida yake. Geuza nyuma, tafuta kibandiko. Kikisema G20, chombo kiliandaliwa kwa gesi asilia ya mabombani, yenye msukumo wa milibari 20, na jeti zake zina matundu makubwa. Butani, yaani G30, hutumia karibu milibari 30, na propani, G31, hutumia 37. Ukiunganisha mtungi kwenye jeti za G20, moto unatoka mrefu, wa manjano, unapaka sufuria masizi. Jeti zibadilishwe zote, na regulata ilingane na kibandiko. Muuzaji atakuapia kwamba "inafanya kazi tu". Ndiyo, inafanya kazi ya kutengeneza sumu.

Ninachogombania zaidi na wateja ni hita ya maji bafuni. Lita moja ya propani iliyokwisha kuwa gesi inahitaji lita 24 hivi za hewa ili iungue vizuri, na bafu lililofungwa halina hewa hiyo. Halafu sisi tuko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko Mombasa au Dar es Salaam. Hita iliyorekebishwa kwa mji wa pwani inaweza kukosa pumzi hapa. Moto ukiwa wa bluu, sawa. Ukiwa wa manjano, zima. Kwenye boila za nyumba za wageni, feni ya kichomeo hupuliza kwanza kutoa gesi iliyobaki tumboni, ndipo cheche inakuja, na ole wake fundi anayeiruka hatua hiyo kwa haraka ya kwenda kula. Hita ya kawaida ya nyumbani haina feni hiyo. Inategemea dirisha lako na bomba la moshi linalopanda na kutoka nje.

Kwa hiyo hita naifunga nje ya bafu, chini ya paa, na bomba la moshi juu yake. Mteja asiyetaka kununua bomba hilo nampa hita yake mkononi.

Ukinusa gesi, usiguse swichi, hata ya kuzima. Funga mtungi, fungua milango, toa watoto nje, kisha uite fundi. Akifika akawasha kibiriti kutafuta panapovuja, mfukuze, na usimlipe.